Sanduku la Posta la Chuo Kizima

Fungua mipangilio ya simu yako ukiwa kwenye waifai ya chuo, iwe Dodoma, Eldoret au Toronto, na huenda ukakuta namba inayoanza na 10. Kumi, nukta, kisha namba nyingine tatu zilizotengwa kwa nukta. Wengi wanaoiona hudhani hiyo ndiyo anwani ya simu yao kwenye intaneti. Sivyo. Mwanafunzi wa chuo kingine, mamia ya kilomita kutoka hapo, anaweza kuwa na namba hiyo hiyo saa hiyo hiyo, wala hamtagongana, kwa sababu namba hiyo haitoki nje ya geti la chuo.

Namba hiyo ilikuwa na mwenyewe, naye ni marehemu. Kumi ilikuwa namba ya ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambao ndio uliozaa intaneti. ARPANET ilizimwa mwaka 1990, namba yake ikabaki bila mtu. Mwaka 1994 kundi la wahandisi lilipendekeza kwamba yeyote anayetaka aitumie ndani ya mtandao wake mwenyewe, mradi asitoke nayo barabarani. Kwetu mtoto hupewa jina la babu aliyefariki ili jina lisipotee. Kumi nayo imerithiwa, ila na wajukuu wengi mno, kiasi kwamba haimtambulishi tena mtu yeyote.

Nimeshiriki kwa miaka kadhaa kupanga mitandao ya waifai ya vyuo, na kila mara kazi hufika kwenye swali lile lile: tuna anwani halisi chache, tuna vifaa vingi, tutazigawaje? Ukilisikia kwa mara ya kwanza utadhani ni swali la hesabu. Hesabu imo. Lakini nyuma yake kuna historia ya nani alifika mapema na nani alifika kapu limeshainamishwa, na mbele yake kuna mwanafunzi ambaye siku moja jina lake linaweza kuandikwa kwenye barua ya polisi kwa jambo alilofanya jirani yake.

Tuanze na kapu lenyewe. Vint Cerf, mmoja wa wabunifu wa itifaki zinazoendesha intaneti, amesimulia mara nyingi jinsi mwaka 1977 alivyoamua urefu wa anwani. Waliokuwa wakijadiliana walivutana kwa muda mrefu. Yeye akakata shauri kuwa anwani itakuwa na biti 32. Kwa mtazamo wake lilikuwa jaribio tu, na kama jaribio lingefaulu wangetengeneza toleo kamili baadaye. Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296. Idadi ya watu duniani wakati ule ilikuwa kama bilioni 4.2. Kwa hiyo hata siku ile ya kwanza hesabu ilikuwa takriban anwani moja kwa kila mwanadamu, na wakati huo kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba. Nani angefikiria kwamba mtu mmoja angekuja kubeba tatu kwenye begi lake?

Septemba 1981 mpango huo ulichapishwa rasmi, na anwani zikagawanywa kwa madaraja matatu makuu. Daraja A lilimpa mwombaji anwani 16,777,216 kwa mpigo. Daraja B lilimpa 65,536. Daraja C lilimpa 256. Aliyetunza orodha ya nani kapewa nini alikuwa Jon Postel, mtafiti wa Kusini mwa California aliyeifanya kazi hiyo kwa uaminifu hadi alipofariki Oktoba 1998. Hakukuwa na ada wala mnada. Uliomba, ukaeleza, ukapewa.

Tatizo ni kwamba kuomba kunahitaji uwe umesikia. Chuo cha MIT kilipata namba 18, yaani anwani zaidi ya milioni 16 kwa chuo kimoja. Stanford ilipata 36. Kampuni ya Apple ilipata 17, na watengenezaji wa magari Ford wakapata 19. Sidhani kama kulikuwa na ubaya wa makusudi. Walikuwepo chumbani, na mali ilionekana haiishi. Vyuo vya Afrika Mashariki viliunganishwa na intaneti kamili katikati ya miaka ya 1990 na kuendelea, wakati ambapo ukarimu ule ulikuwa umekwisha na maombi yetu yalipelekwa kwa masajili wa Ulaya, Marekani na Asia. Bara la Afrika lilipata msajili wake, AFRINIC, mwenye ofisi Mauritius, akatambuliwa rasmi Aprili 2005.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi walikuwa wameshaona kwamba anwani zitaisha. Walijibu kwa njia tatu. Kwanza, mwaka 1993, waliondoa yale madaraja matatu, ili mwombaji apewe kiasi kinachomtosha badala ya kuchagua kati ya 256 na 65,536. Pili, walianza kubuni itifaki mpya yenye anwani ndefu. Hiyo ndiyo IPv6, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1995, yenye biti 128. Tatu, walitafuta kitu cha kuwavusha hadi IPv6 iwe tayari.

Kitu hicho cha tatu ndicho kinachoendesha vyuo vyetu leo. Januari 1993 Paul Tsuchiya, ambaye baadaye alijulikana kama Paul Francis, na Tony Eng walichapisha makala iliyopendekeza kutumia anwani zile zile tena na tena ndani ya mitandao mbalimbali, na kuzibadilisha pale mtandao unapokutana na dunia ya nje. Mei 1994 Francis na Kjeld Egevang waliliweka wazo hilo kwenye waraka namba 1631 wa mfululizo wa nyaraka za wahandisi wa intaneti. Waliliita suluhisho la muda mfupi, na walikiri wenyewe kwamba lina madhara: linavunja kanuni kwamba kila kompyuta ina anwani yake na inaweza kufikiwa moja kwa moja na nyingine yoyote. Ubadilishaji huo wa anwani ndio wahandisi huuita NAT.

Hawakukubaliana wote. Machi 1994 ulitoka waraka uliotenga namba 10, pamoja na mafungu mengine mawili, kwa matumizi ya ndani. Julai mwaka huo huo ukatoka waraka wa kuupinga, ambao kichwa chake kilisema waziwazi kwamba mtandao wa 10 una madhara. Mmoja wa waandishi wa pingamizi hilo alikuwa Eliot Lear. Februari 1996 ulipotoka waraka wa mwisho, namba 1918, ambao hadi leo ndio msingi wa kila mtandao wa ndani duniani, Lear alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Huwa nauonyesha ukurasa ule wa kwanza kwa vijana wanaoanza kazi. Mtu alipinga kwa hoja, hoja zake zikaingizwa ndani kama tahadhari, kisha akatia jina lake. Biashara nayo haikusubiri: kampuni ndogo iitwayo Network Translation ilikuwa imeshatoa kifaa chake kilichoitwa PIX mwaka 1994, na mwaka uliofuata Cisco wakainunua.

Maelezo bora ya NAT niliyowahi kuyasikia hayakutoka kwa mhandisi. Katika kikao kimoja cha bajeti, baada ya sisi kueleza kwa nusu saa kwa nini chuo kinahitaji anwani zaidi, mhasibu, mama wa makamo aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwanangu, chuo si kina sanduku la posta moja tu? Na barua zote zinafika."

Alikuwa amepatia. Huku kwetu barua haziji mlangoni. Zinakwenda kwenye sanduku la posta, na sanduku moja linaweza kuwa la shule nzima, la misheni, la kiwanda. Mtu wa kijijini aliandikiwa kupitia sanduku la shule ya msingi, na mwalimu mkuu ndiye aliyejua barua ya nani ni ipi kwa kusoma jina lililo juu ya bahasha. Namba ya sanduku ni anwani halisi ya IP. Jina juu ya bahasha ni namba nyingine ndogo iitwayo poti. Simu yako inapotuma ombi nje, ruta ya chuo hufuta anwani yako ya 10, huweka anwani ya chuo, huchagua poti, na kuandika kwenye daftari lake: poti hii ni ya simu ile. Jibu likirudi, husoma daftari na kukuletea.

Mfano wa yule mama unaonyesha pia kinachopotea. Mwalimu mkuu akipokea bahasha isiyo na jina, huitupa. Vivyo hivyo, hakuna anayeweza kukuanza wewe uliye nyuma ya NAT; ni lazima wewe uandike kwanza. Kwa anayesoma habari na kutazama video hilo halina neno. Lakini mwanafunzi aliyejenga programu kwenye kompyuta yake bwenini na kutaka rafiki yake wa Kisumu aijaribu, hawezi. Kwa miaka mingi kompyuta ya mwanafunzi wa MIT bwenini ilikuwa na anwani yake mwenyewe inayoanza na 18, inayofikika kutoka popote duniani. Yeye aliweza kuwa na duka. Wa kwetu aliweza kuwa mteja tu. Siwezi kupima ni mawazo mangapi yalikufa kwa tofauti hiyo, lakini najua ni tofauti ya kweli.

Waifai ndiyo iliyogeuza jambo hili kuwa kazi ya mipango. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, huko Pittsburgh, kilianza kujenga mtandao wake usio na waya uitwao Wireless Andrew katika miaka ya 1993 na 1994, kabla hata ya kiwango cha kwanza cha waifai kupitishwa mwaka 1997. Wakati huo kifaa kisicho na waya kilikuwa laptopu ya mtafiti. Kwetu hadi miaka ya 2000 mtandao wa chuo ulikuwa maabara yenye kompyuta kadhaa na foleni mlangoni, na anwani ziliwatosha waliokaa kwenye viti. Kisha nyaya za baharini zikafika pwani yetu, SEACOM ikianza kazi Julai 2009, na muda si mrefu simu za kugusa zikashuka bei. Foleni ya maabara ikahamia mifukoni.

Chukua chuo chenye wanafunzi 20,000. Kila mmoja ana simu, na tuseme nusu yao wana laptopu: vifaa 30,000. Si vyote huwa hewani pamoja, basi tuseme saa nne asubuhi vinavyotumika kwa wakati mmoja ni 16,000. Chuo kimetenga anwani halisi 256 kwa ajili ya waifai. Kila anwani ina poti 65,536, lakini 1,024 za mwanzo huachwa kwa kazi maalumu, zinabaki 64,512. Ukimpa kila mtumiaji fungu la poti 1,008, anwani moja inabeba watu 64 kamili. Mara 256, unapata watu 16,384. Tumepona, kwa nafasi ya watu 384.

Poti 1,008 zinaonekana nyingi hadi utazame simu moja kwa makini. Programu ya ujumbe inashika muunganisho wake, barua pepe wake, masasisho yake, na ukurasa mmoja wa habari huita seva nyingi kwa ajili ya picha na matangazo. Tena miunganisho haifi mara moja. Miongozo ya wahandisi inataka ruta isiusahau muunganisho wa kawaida uliokaa kimya kabla ya saa 2 na dakika 4, na ile ya aina nyepesi isiachwe kabla ya dakika 2. Ukifupisha muda huo ili kuokoa poti, simu hazipokei ujumbe na mwito wa sauti hukatika. Ukiurefusha, mafungu hujaa miunganisho ya watu walioshaondoka darasani.

Sasa ongeza mabweni, ambako saa tatu usiku kila mtu yuko hewani. Unaweza kukata fungu hadi poti 504, anwani moja ibebe watu 128, na chuo kizima kibebe 32,768. Kwenye karatasi inatosha. Kwa mwenye fungu lililojaa, hali ni hii: alama ya waifai imejaa, ujumbe unaingia, lakini picha hazifunguki na fomu ya kujiandikisha kozi inazunguka tu. Hakuna ujumbe wa kosa. Atasema mtandao mbovu, na mwenye pesa atanunua bando. Asiye nazo atasubiri hadi usiku wa manane. Kwa hiyo mtu anayeandika 504 badala ya 1,008 anaamua kitu kuhusu mfuko wa mwanafunzi, hata kama hajui.

Kuna uamuzi mwingine mdogo wenye uzito. Ruta ikiwa na anwani 256, je, mtumiaji mmoja apewe poti kutoka anwani yoyote iliyo na nafasi, au abaki na anwani moja muda wote? Njia ya kwanza inatumia nafasi vizuri zaidi. Lakini tovuti za benki na za mitihani zikimwona mtu yule yule akija kutoka anwani mbili ndani ya dakika moja, nyingine humtoa nje zikidhani ameibiwa akaunti. Miongozo inataka abaki kwenye anwani moja. Tunafuata miongozo, na tunalipa kwa anwani chache zinazojaa huku nyingine zikiwa na nafasi.

Kukaa wengi kwenye anwani moja kuna adhabu nyingine inayotoka nje. Dunia ya intaneti ilizoea kuchukulia anwani moja kuwa mtu mmoja, au angalau nyumba moja. Mwisho wa mwaka 2006 na mwanzo wa 2007 msimamizi wa Wikipedia alizuia anwani moja iliyokuwa ikiharibu makala, kisha ikagundulika kwamba karibu nchi nzima ya Qatar ilikuwa ikipita kwenye anwani hiyo. Wikipedia pia kwa miaka mingi imeruhusu akaunti mpya 6 tu kwa siku kutoka anwani moja. Nimeona warsha ya kuandika makala za Kiswahili ikikwama hapo: vijana arobaini ukumbini, sita wakafungua akaunti, waliobaki wakaambiwa wajaribu kesho. Ipo njia ya kuomba ruhusa mapema, na walioizoea huitumia. Lakini kanuni yenyewe iliandikwa na watu ambao nyumbani kwao kila mtu ana sanduku lake la posta.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni daftari. Siku moja chuo kimoja nilichokisaidia kilipokea barua ya uchunguzi. Ilitaja anwani ya IP, tarehe, saa na dakika, na kuomba jina la mtumiaji. Haikutaja poti. Jibu la kweli lilikuwa orodha ya watu zaidi ya hamsini waliokuwa wakitumia anwani hiyo dakika hiyo, kila mmoja na shughuli zake. Shinikizo la kutoa jina moja halikuwa dogo, na mtu asiyeelewa angeweza kumchukua aliye juu ya orodha. Mkuu wa kitengo, mzee aliyeijenga ile maabara ya kwanza ya chuo kwa mikono yake, aliandika jibu la mistari mitatu: leteni poti, na mtuhakikishie kwamba saa ya seva yenu ilikuwa sahihi. Hakuna aliyerudi. Tangu Juni 2011 upo waraka, namba 6302, unaowashauri wenye seva kuandika poti pamoja na anwani, kwa sababu hiyo hasa. Wengi bado hawaandiki. Mwaka 2017 hata polisi wa Umoja wa Ulaya, Europol, walilalamika hadharani kwamba NAT kubwa za kampuni za simu zinawafanya washindwe kutofautisha mhalifu na jirani yake. Hoja yao ina pande mbili: jirani naye ana haki ya kutofautishwa na mhalifu.

Basi daftari liandike nini? Ukiandika kila muunganisho, chuo chetu cha mfano kitazalisha mamilioni ya mistari kila siku, na kama umeandika pia seva aliyoitembelea kila mmoja, umejenga shajara ya maisha ya wanafunzi 20,000: nani anasoma kuhusu ujauzito, nani anatafuta kazi, nani yuko kwenye kundi gani la siasa. Waraka namba 6888 wa Aprili 2013 unashauri kutoandika anakokwenda mtumiaji bila sababu maalumu ya kiutawala. Yale mafungu ya poti husaidia hapa pia. Ruta ikishampa mtu fungu lake, unaandika mstari mmoja anapolipokea na mwingine anapolirudisha. Unaweza kujibu swali la "nani alikuwa na poti hii saa hii" bila kujua alikuwa akisoma nini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa maoni yangu chuo kinachoandika zaidi ya mistari hiyo miwili kinapaswa kuulizwa na wanafunzi wake kwa nini.

Wakati sisi tukigawana poti, kapu lilimalizika. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya daraja la zamani A yaligawiwa kwa masajili watano wa mabara, kila mmoja moja. AFRINIC walipata 102. Hawakuwa mikono mitupu kabla ya hapo, walishapata 41, 197 na 105. Lakini liweke fungu hilo la mwisho karibu na lile la MIT: ukubwa ni ule ule, anwani 16,777,216. Moja lilipewa chuo kimoja cha Massachusetts. Lingine lilipewa bara lenye watu zaidi ya bilioni moja.

Mwaka huo huo bei ikajulikana. Microsoft walinunua anwani 666,624 za kampuni ya Nortel iliyofilisika kwa dola milioni 7.5, zaidi kidogo ya dola 11 kwa anwani moja. Kitu kilichogawiwa bure kikawa mali. Stanford ilikuwa imelirudisha fungu lake lote la 36 mwaka 2000 bila kuuza, na nadhani kitendo hicho kinastahili kukumbukwa. MIT mwaka 2017 walitangaza kwamba anwani milioni 14 kati ya zao hazijawahi kutumika, na kwamba wangeuza angalau milioni 8. Pesa, walisema, zingesaidia kuhamia IPv6. Chuo kilichopewa bure kiliuza ziada yake ili kugharamia mustakabali ambao vyuo vingine vingelazimika kujilipia.

Kwetu mambo hayakuwa safi pia. Kuanzia 2019 ilibainika kwamba mamilioni ya anwani za Afrika yalikuwa yamechukuliwa kinyume cha taratibu kutoka kwenye rejista ya AFRINIC. Mwaka 2021, katika mgogoro na kampuni iliyopewa anwani nyingi, mahakama ya Mauritius ilifunga akaunti za benki za AFRINIC, na mwaka 2023 ikamteua msimamizi wa kuiendesha. Wakati huo huo, tangu Januari 2020, mwombaji halali barani alikuwa anaweza kupata si zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kijana akiniuliza kwa nini waifai ya chuo chake imebanwa, nitamweleza kuhusu 1981. Nitamweleza kuhusu 2019 pia, kwa sababu kulaumu wa mbali peke yao ni uvivu.

Ipo njia ya kutoka, nayo ina umri mkubwa kuliko wanafunzi wengi. Fungu la kawaida la IPv6 kwa kampasi linatoa mitandao midogo 65,536, na kila mmoja wa hiyo una anwani nyingi kuliko intaneti yote ya zamani ikizidishwa mara bilioni nne. Kila simu inaweza kuwa na anwani yake, tena inayobadilika mara kwa mara ili isifuatiliwe kirahisi. Vipimo vya Google vinaonyesha zaidi ya theluthi ya watumiaji wake huifikia kwa IPv6. Kizuri ni kwamba huhitaji kuizima NAT ili kuiwasha: zinakwenda pamoja, na kila video inayopita IPv6 ni poti kadhaa zilizobaki kwa mwenzako anayejaza fomu kwenye tovuti ya zamani.

Kwa nini basi vyuo vingi havijaiwasha? Sababu ninayoisikia zaidi si gharama. Ni kwamba NAT inafanya kazi. Suluhisho la muda mfupi la mwaka 1994 lilifanya kazi vizuri kiasi cha kuua haraka ya kutafuta la kudumu, na kizazi kizima cha mafundi wetu kimefundishwa kwamba ndivyo intaneti ilivyo: wewe unaomba, wengine wanajibu. Wapo hata wanaoiona NAT kuwa ulinzi, ilhali ukuta wa moto hufanya kazi hiyo bila kukunyang'anya anwani.

Ninapokaa sasa kwenye kikao cha mipango, huomba vitu vitatu viandikwe kwenye muhtasari. IPv6 iwashwe mabwenini kwanza, kwa sababu ndiko fungu la poti hujaa na ndiko mwanafunzi asiye na bando hutegemea waifai. Daftari liandike mafungu ya poti tu, na liwe na tarehe ya kufutwa. Na ijulikane ni nani, kwa cheo, mwenye mamlaka ya kujibu barua ya uchunguzi, ili siku ikifika asipatikane kijana wa zamu ya usiku, aliyeachwa peke yake na orodha ya majina hamsini, akichagua la kwanza.